Kukokotoa Kiwango cha Kilevi katika Saida ya Matunda Inayotengenezwa Nyumbani

1. Sukari inavyogeuka kilevi

Kilevi cha saida hutokana na sukari iliyokuwamo ndani ya juisi. Hamira huila sukari hiyo na kutoa vitu viwili ambavyo uzito wake unakaribiana: gramu 180 za glukosi huzaa gramu 92 za kilevi na gramu 88 za kaboni dioksaidi. Kilevi hubaki chomboni, hewa hutoka. Maji yenye sukari ni mazito kuliko maji matupu, ilhali kilevi ni chepesi kuliko maji. Hivyo juisi huzidi kuwa nyepesi kadiri inavyochachuka. Wepesi huo ndio unaopimwa.

Kipimo cha mwisho peke yake hakisemi kitu. Saida mbili zinaweza kulingana uzito zikishachachuka, moja ikiwa na kilevi cha asilimia 4 na nyingine 7, kwa kuwa hazikuanza na sukari sawa.

2. Vipimo viwili na hesabu yake

Haidromita ni bomba la kioo lenye uzito chini, linaloelea wima. Katika maji matupu husoma 1.000, katika juisi ya tufaha, mara nyingi kati ya 1.045 na 1.055. Kipimo cha kwanza huchukuliwa kabla ya kutia hamira. Cha pili huchukuliwa namba inapobaki ileile kwa siku kadhaa. Tofauti yake huzidishwa kwa 131.25.

Mfano: juisi iliyoanza na 1.048 ikaishia 0.998 imeshuka kwa 0.050.

0.050 × 131.25 = 6.6

Saida hiyo ina kilevi cha asilimia 6.6 ya ujazo. Namba kushuka chini ya 1.000 si kosa. Ni dalili kwamba sukari imekwisha na kilevi kimepunguza uzito.

Asiye na haidromita hutumia chupa na mizani ya jikoni. Chupa tupu hupimwa, kisha hujazwa maji hadi kwenye alama, halafu juisi hadi alama hiyohiyo. Maji yakiwa gramu 500 na juisi gramu 524, kipimo ni 524 ÷ 500, yaani 1.048. Kukosea gramu moja hubadilisha jibu kwa takriban robo ya asilimia.

3. Yanayopotosha jibu

Mapovu huiinua haidromita, ikasoma juu kuliko ilivyo. Sampuli hutikiswa kwanza hadi hewa itoke.

Haidromita nyingi hutengenezwa kwa nyuzijoto 20. Kwenye nyuzijoto 30 husoma pungufu kwa takriban 0.0025. Vipimo vyote viwili vikichukuliwa katika joto moja, kosa hilo karibu lote hujifuta lenyewe.

Vipande vya matunda vinavyotiwa baadaye huleta sukari ambayo kipimo cha kwanza hakikuiona, na kilevi huonekana kidogo kuliko kilivyo. Dawa yake ni kuyakamua matunda hayo, kupima juisi yake na kutafuta wastani: lita 15 za 1.050 na lita 5 za 1.060 hutoa lita 20 za 1.0525.

Sukari ya mezani nayo huhesabiwa. Takriban gramu 17 kwa kila lita huongeza asilimia 1 ya kilevi. Gramu 6 kwa lita zinazotiwa chupani ili saida itoe povu huongeza kama theluthi ya asilimia.

4. Kuhakiki kwa mizani

Kwa kuwa hewa inayotoka inakaribia uzito wa kilevi kinachobaki, chombo chenyewe kinaweza kutoa ushahidi. Hupimwa kikiwa kimejaa, pamoja na hamira na kizibo cha kutolea hewa, kisha hupimwa tena uchachukaji ukikoma. Lita 20 za saida ya asilimia 6.6 hupoteza karibu kilo moja. Zikiwa zimepoteza nusu kilo tu, basi kuna kipimo cha haidromita kilichosomwa vibaya, na hesabu hurudiwa kabla namba haijaandikwa kwenye chupa.