Wazima Moto Wasiolipwa na Deni la Majirani Zao

Wengi wenu mmekulia mashambani, nanyi mwajua mambo yatukiavyo nyumba ya jirani inaposhika moto. Yowe hupigwa, watu huacha majembe, huyu huja na mtungi na yule na matawi mabichi, wala hakuna aulizaye atalipwa nini. Leo nataka kuwaeleza habari za nchi ambayo desturi hiyo ilifanywa kuwa kazi yenye taratibu, ikadumu karibu miaka 300, na sasa imo katika shida. Nchi hiyo ni Marekani.

Mwaka 1736, katika mji wa Philadelphia, Benjamin Franklin na wenzake waliunda chama cha kuzima moto, kikaitwa Union Fire Company. Kila mwanachama alipaswa kuweka tayari ndoo zake za ngozi, na mifuko ya kuokolea vyombo vya nyumbani. Miji mikubwa baadaye ilijiwekea wazima moto wa mshahara. Lakini mashambani desturi ya kujitolea ilibaki, na hata leo walio wengi katika wazima moto wa nchi ile hawalipwi mshahara. Ni wakulima, mafundi, walimu, wenye maduka. King'ora kikilia, mtu huacha trekta kondeni akaenda.

Sasa angalieni tofauti. Mtu wa siku za Franklin aliweza kujinunulia ndoo. Wa leo hawezi kujinunulia vyombo vyake. Vazi la kuzuia joto, kofia, viatu, na chombo cha kuvutia hewa safi ndani ya moshi, gharama yake kwa mtu mmoja ni maelfu ya dola. Na vazi lenyewe, kwa kanuni zao, yapasa kuachwa likitimiza miaka 10. Lori lenye pampu ni mamia ya maelfu ya dola. Kijiji cha watu 800 kitazitoa wapi? Serikali husaidia kidogo, na malori mengine ni ya jeshi yaliyokwisha kazi, yakafungwa matangi. Zinazopunguka hutafutwa kwa karamu: wazima moto wenyewe hupika kuku na kuuza sahani. Mimi naona ni jambo la kusifiwa, na la kuaibisha pia, kwamba mtu atoke motoni usiku, kisha Jumamosi asimame jikoni ili apate viatu vya kuingilia motoni tena.

Lakini fedha si msaada pekee. Tutazame maji. Mashambani mara nyingi hakuna mabomba ya mji. Lori la tangi huleta maji, likayamwaga katika birika la turubai lililokunjuliwa kando ya njia. Pampu huvuta humo, na lori hurudi mbio kuchota tena. Ikiwa bwawa ni mbali, birika hukauka, na nyumba huteketea watu wakitazama. Basi mkulima mwenye bwawa aweza kuruhusu bomba lizikwe toka chini ya maji hata kando ya barabara. Lori likifika huunganishwa tu, likavuta maji, hata bwawa likiwa limefunikwa na barafu. Mkulima huyo hakushika mpira wa maji hata siku moja, lakini kwa bomba lile nyumba za jirani zaweza kuokoka. Tena faida humrudia, kwa kuwa makampuni mengi ya bima ya kule hutazama umbali wa kituo cha wazima moto na wingi wa maji, na palipo na upungufu watu hutozwa zaidi.

Liko na deni la kutoa habari. Jioni ya tarehe 17 Aprili 2013, katika mji mdogo wa West, jimbo la Texas, ghala la mbolea lilishika moto. Wazima moto wa kujitolea walikwenda mara moja. Mbolea ile ililipuka, na watu 15 walikufa, wengi wao wazima moto hao hao. Wachunguzi walieleza baadaye kwamba hawakuwa wamefundishwa vya kutosha hatari ya mbolea ya namna ile. Mwenye ghala hapana budi awaite mapema, mchana, moto haujawaka, awaonyeshe kila kilichomo.

Na watu wenyewe wanapungua. Mwaka 1984 waliojitolea walikaribia 900,000. Mwaka 2020 hawakufika 700,000, ilhali wenyeji wa nchi wameongezeka. Vijana huhamia mijini, au kazi zao ni mbali na kijiji. Wazee hubaki na mzigo, na karibu nusu ya wazima moto wanaokufa kazini kule hufa kwa moyo. Kwa hiyo tajiri anayemruhusu mtumishi wake kutoka king'ora kikilia, bila kumkata mshahara, ametoa msaada mkubwa. Hata asiyeweza kupanda ngazi ana kazi. Bibi mzee aliyezoea hesabu za duka aweza kushika daftari lao la fedha, na kijana mmoja akapata jioni ya kujifunza pampu badala ya kuketi na risiti.