Sauti Kizimbani

Leo tunaizungumzia redio iliyofikisha watu mahakamani. Nami ninayesema haya nina maikrofoni mbele yangu, kwa hiyo kesi hii inanihusu.

Novemba 1994, baada ya mauaji ya kimbari ya Watutsi nchini Rwanda, Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa liliunda mahakama maalumu, na makao yake yakawa Arusha. Walioletwa humo wengi walikuwa mawaziri, wanajeshi na mameya. Lakini Oktoba 2000 ilianza kesi ya watu wa kalamu na matangazo: Ferdinand Nahimana, mwanahistoria, na Jean-Bosco Barayagwiza, mwanasheria, waliokuwa miongoni mwa waanzilishi wa redio RTLM, pamoja nao Hassan Ngeze, mhariri wa gazeti la Kangura.

RTLM ilianza kurusha matangazo Julai 1993. Ilikuwa redio iliyochangamka, yenye muziki mtamu, utani na porojo za mtaani, na vijana waliipenda. Hapo ndipo hatari ilipojificha, maana chuki ilipenyezwa katikati ya vicheko. Watutsi wakaitwa mende. Ndege ya Rais Habyarimana ilipotunguliwa, Aprili 6, 1994, watangazaji wakafikia kutaja watu kwa majina na mahali walipo, huku wenye mapanga kwenye vizuizi vya barabarani wakitega sikio.

Desemba 2003 wote watatu walitiwa hatiani. Wakakata rufaa, na Novemba 2007 majaji wa rufani wakachora mstari: matangazo ya baada ya Aprili 6 yalichochea mauaji ya kimbari waziwazi, ya kabla ya hapo yalijaa chuki, lakini uchochezi wa moja kwa moja haukuthibitika. Nahimana, aliyekuwa na kifungo cha maisha, akabakiwa na miaka 30. Kisheria sioni walipokosea, kwani jinai huhitaji ushahidi. Hata hivyo uamuzi ule unauma: miezi tisa ya matusi ilikwisha kuwazoesha watu kumwona jirani kama mdudu.

Na Félicien Kabuga, tajiri aliyeshtakiwa kuwa mfadhili wa redio hiyo? Alikamatwa Ufaransa Mei 2020, baada ya kujificha miaka mingi. Mwaka 2023 majaji waliamua kwamba ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu umemwondolea uwezo wa kushtakiwa. Kesi yake ikasimamishwa bila hukumu.