CHEO NI DHAMANA

Mazungumzo yaliyosomwa mbele ya baraza la Ngoliba, karibu na Thika



Nimeombwa niseme habari za watu wenye hekima waliofikiri sana juu ya utawala. Pengine mtu atauliza, "Habari hizo zatufaa nini sisi wakulima wa Ngoliba?" Zatufaa, kwa sababu swali lililowasumbua ni lile lile tunaloulizana sokoni: Mtu tuliyempa cheo, tutamzuiaje asitugeuke?

Mwingereza mmoja, Thomas Hobbes, aliona nchi yake ikiingia katika vita vya wenyewe kwa wenyewe mwaka 1642, na mwaka 1649 mfalme wao akakatwa kichwa. Mwaka 1651 alitoa kitabu akieleza kwamba pasipo mtawala kila mtu humwogopa jirani yake, wala hapana alimaye kwa moyo, maana hajui nani atakayevuna. Basi, alisema, yafaa watu wapatane kumpa mtawala nguvu zote ili wapate amani. Sisi wa Kenya hatuwezi kuicheka hofu hiyo. Tuliyaona ya mwanzo wa mwaka 2008, watu zaidi ya elfu moja walipokufa katika fujo zilizofuata uchaguzi.

Lakini tukimpa mchungaji ng'ombe wote na fimbo zote, naye akaanza kuwachinja, tutamshtaki kwa nani? Mwingereza mwingine, John Locke, alijibu katika kitabu kilichotoka mwaka 1689. Alifundisha kwamba utawala ni amana iliyotoka kwa raia, na mwenye kuivunja amana hiyo aweza kunyang'anywa. Naye Mfaransa Montesquieu, mwaka 1748, aliongeza kwamba mwenye kutunga sheria, mwenye kuitekeleza na mwenye kuhukumu wasiwe mtu mmoja, ili nguvu ya huyu izuie nguvu ya yule.

Msidhani hekima hii ni ya Ulaya peke yake. Mzee Jomo Kenyatta, ambaye kwake Gatundu si mbali na hapa, alitoa kitabu mwaka 1938 kiitwacho Facing Mount Kenya. Humo alisimulia kwamba zamani Wagikuyu walitawaliwa na mfalme aliyewaonea, wakamwondoa, wakakata shauri kwamba utawala upokezwe kutoka kizazi hata kizazi kwa sherehe iitwayo ituika. Kwa hiyo walioshika madaraka walijua tangu mwanzo kwamba iko siku watawapisha wengine.

Sasa tazameni yaliyotokea. Mzee huyo aliyeandika habari za kupokezana alikuwa mkuu wa serikali tangu mwaka 1963 mpaka alipofariki tarehe 22 Agosti 1978, na chama cha upinzani cha KPU kilipigwa marufuku mwaka 1969. Kwa jirani zetu wa Tanzania, wanachama wa TANU waliahidi kwamba cheo ni dhamana, na Mwalimu Julius Nyerere aliacha urais kwa hiari yake mwaka 1985. Hata hivyo, ni katika utawala wake nchi ilipofanywa ya chama kimoja kwa sheria mwaka 1965, na vyama vingi havikurudi mpaka mwaka 1992.

Sisemi haya ili kuwavunjia heshima wazee hawa. Nasema ili tuone kwamba kuijua hekima ni jambo moja, na kuitenda hali umekalia kiti ni jambo la pili. Ndiyo sababu haifai kutegemea wema wa mtawala peke yake. Yafaa kuwe na sheria.

Sheria hiyo tunayo. Tarehe 4 Agosti 2010 tuliipigia kura Katiba mpya, ikatangazwa rasmi tarehe 27 ya mwezi ule ule. Kifungu chake cha kwanza chasema kwamba mamlaka yote ni ya wananchi. Rais hapati zaidi ya vipindi viwili, na gavana vivyo hivyo. Bunge la kaunti, kama letu la Kiambu, limeamriwa kuwashirikisha raia katika kazi zake.

Lakini jembe lililowekwa darini halilimi. Mkiitwa kwenye mkutano wa kuzungumzia fedha za kaunti, msiseme, "Hayo ni ya wakubwa." Nendeni, mkaulize kwa adabu: Fedha za barabara au za bomba la maji ni kiasi gani? Nani amepewa kazi? Itakwisha lini? Tena yaandikeni majibu, ili mwaka ujao mpate kuuliza tena. Asiyekwenda amekwisha mwachia mwingine sauti yake, na pengine mwingine huyo hana haja na maji ya Ngoliba.

Wahenga walisema, mpanda ngazi hushuka. Basi na tukumbuke kwamba ngazi yenyewe tumeishika sisi.