Je, wafu wetu wanangoja ubatizo wetu?

Neno: Luka 23:39-43, Waebrania 9:27



Mama mmoja alinijia akilia. Kijana wake alichukuliwa na maji ya Mulongwe katika mafuriko ya Aprili 2020, kabla hajabatizwa. Jirani yake, Mmormoni, alimwambia kwamba mtoto huyo anaweza kubatizwa hata sasa. Mama akaniuliza: "Mchungaji, ni kweli?"

Kwanza tujue jirani huyo anaamini nini, tusimsingizie. Kanisa lake lilianzishwa na Joseph Smith huko Marekani mwaka 1830, mwaka uleule alipotoa Kitabu cha Mormoni. Wanafundisha kwamba Kanisa la kweli lilipotea duniani, na Mungu akalirudisha kwa mkono wa Smith. Wanasema Mungu Baba ana mwili wa nyama na mifupa, na kwamba mwanadamu anaweza kuinuliwa awe kama Yeye. Tena katika hekalu, kama lile la Kinshasa lililowekwa wakfu mwaka 2019, mtu aliye hai huzamishwa majini kwa jina la marehemu. Marehemu, wanasema, anaweza kukubali au kukataa. Wanategemea 1 Wakorinto 15:29.

Wapendwa, someni sura nzima. Paulo anatetea ufufuo. Anawataja watu wanaofanya hivyo, lakini hajihesabu kati yao, wala haagizi Kanisa lifanye. Na Mungu ni Roho (Yohana 4:24). Hakuna mungu mwingine kabla yake wala baada yake (Isaya 43:10). Hata malaika akileta injili nyingine, tuikatae (Wagalatia 1:8).

Nilimjibu: "Mama, yule mnyang'anyi msalabani hakubatizwa, wala hatusomi kwamba mtu alibatizwa kwa ajili yake. Alimlilia Yesu, akapokelewa siku ileile. Mimi sijui kijana wako alimwita nani ndani ya yale maji. Mungu anajua, na hukumu yake ni ya haki. Mwachie Yeye." Tulilia pamoja, tukaomba.

Na wewe unayenisikia Kalundu, Kiliba, Sange: hakuna atakayeamini kwa niaba yako. Ungali hai, na Ziwa Tanganyika liko hapa karibu. Tubu leo, ubatizwe ukiwa na pumzi.

Jirani Mmormoni usimtukane. Mjibu kwa upole (1 Petro 3:15), ukijua unachokiamini.

Mungu awabariki. Amina.