Asilimia ya nini? Maneno kwa wazazi na wafadhili juu ya hesabu za biashara



Mtoto anayetaka kusoma biashara Butembo, tuseme pale UCG, kwanza apate diploma ya Serikali, na EXETAT inadai asilimia 50. Kama chuo kinaongeza mtihani wake, hesabu ni zilezile.

Tangu vita ya 2024 ipite Kanyabayonga na kupanda mpaka huku, watoto wetu wamesoma vipandevipande. Watu wanafikiri shimo liko mu masomo ya mwaka wa sita. Hapana. Liko chini: sehemu, na zaidi asilimia.

Angalieni. Mama ananunua gunia ya viazi 40.000 franka, anaiuzisha 50.000. Faida ni asilimia ngapi? Vijana wote wanajibu: 25! Ni kweli, kama tunapima juu ya bei ya kununua: 10.000 juu ya 40.000. Lakini swali likisema faida juu ya bei ya kuuzisha, ni 10.000 juu ya 50.000, basi ni 20. Na ku karatasi ya mtihani majibu yote mawili yanaweza kuwa pale, moja chini ya lingine, yanakungojea. Mbele ya kupiga hesabu, uliza: asilimia ya nini?

Tena: bei ya 50.000 ikipanda asilimia 20, halafu ishuke asilimia 20, hairudi 50.000. Ni 48.000, sababu mara ya pili tunapima juu ya 60.000. Wamama wa soko wanaelewa hii mbele ya wanafunzi, nimeona kwa macho yangu.

Simu pia. Kijana anahesabu kila kitu na simu, kumbe haiingii mu chumba cha mtihani. Azoee kalamu na saa.

Rafiki wafadhili, vitabu vikubwa vya mwaka wa sita vingoje kidogo. Kwanza madaftari, chaki, taa za jua, na kitu kidogo kwa mwalimu.

Wazazi, ombi langu ni juu ya wasichana. Msichana anafika akiwa ametoka kuchota maji, wenzake wako ku hesabu ya tano. Mumuachilie masaa mawili tu siku ya posho, na ndoo abebe kaka yake. Tunaanza posho hii. Kila mmoja alete daftari, simu ibaki nyumbani.