Bei ya Shilingi 1

Fungua soko lolote la mtandaoni usiku huu. Huenda ukakuta sofa ambayo picha yake imenakiliwa kutoka katalogi ya ng'ambo, na bei imeandikwa shilingi 1. Bei hiyo haikukosewa. Mnunuzi akipanga matangazo kuanzia bei ya chini, sofa hiyo hutokea ya kwanza. Akipiga simu, ndipo anatajiwa malaki. Tusiuite huu ujanja wa biashara. Ni udanganyifu, na Tanzania ina Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inayokataza kumpotosha mlaji. Msikilizaji, omba video ya bidhaa yenyewe, kisha uikague bidhaa hiyo kwa mikono yako kabla ya kulipa. Ukidanganywa, hifadhi tangazo na ujumbe wa malipo, upeleke malalamiko Tume ya Ushindani.