Ganzi Si Nafuu



Katika soko la Kimironko, mjini Kigali, na katika kituo cha mabasi kilicho jirani yake, askari wa zamu husimama kwa saa nyingi. Jioni anapovua buti, miguu ikimuuma, hudhani ni uchovu wa kazi. Mara nyingi dhana hiyo ni sahihi. Lakini yako maumivu ya namna nyingine: miguu yote miwili huwaka moto au huchoma kama sindano, kuanzia vidoleni, na huzidi usiku hata mguso wa shuka ukawa adha. Hayo si ya kulaumu buti. Huenda mishipa ya fahamu imedhurika, na chanzo kikubwa cha madhara hayo ni ugonjwa wa kisukari.

Sukari ikizidi katika damu kwa muda mrefu, huiumiza mishipa ya fahamu pamoja na vijishipa vya damu vinavyoilisha. Mishipa mirefu kuliko yote, ile inayofika nyayoni, ndiyo hutangulia kuumia. Inakadiriwa kwamba hadi nusu ya wenye kisukari hupatwa na madhara hayo katika maisha yao.

Hatari kubwa ipo pale maumivu yanapokoma yenyewe. Askari hufurahi akidhani amepona, kumbe miguu imekufa ganzi. Adui hakurudi nyuma. Mlinzi ndiye aliyelala. Kijiwe ndani ya buti huzua kidonda asichokihisi, kidonda huoza, na mwisho wake huweza kuwa kukatwa mguu.

Je, yapo matibabu? Yapo. Kwanza ni kuidhibiti sukari yenyewe. Utafiti mkubwa uliotangazwa mwaka 1993, uliofanywa Marekani na Kanada kwa wagonjwa wanaotegemea insulini, ulionyesha kwamba udhibiti wa makini ulipunguza madhara ya mishipa ya fahamu kwa asilimia 60 hivi.

Pili ni kuyatuliza maumivu. Vidonge vya kawaida vya maumivu mara nyingi havifui dafu hapa. Daktari huchagua dawa kama amitriptilini, duloksetini, gabapentini au pregabalini, akianza na kipimo kidogo, na mgonjwa hungoja majuma kadhaa kabla ya kuona manufaa kamili. Dawa hizo hupunguza maumivu, haziponyi mishipa. Tena huweza kuleta usingizi na kizunguzungu, kwa hiyo anayeshika silaha au usukani hana budi kumweleza daktari kazi yake. Naye aliyetumia metformini kwa miaka mingi aulize habari za vitamini B12, kwani upungufu wake nao hudhuru mishipa.

Tatu ni kuilinda miguu. Askari hukagua silaha yake kila siku. Na akague nyayo zake vivyo hivyo. Atie mkono ndani ya buti kabla ya kuivaa, avae soksi kavu, wala asiikande miguu yenye ganzi kwa maji ya moto.

Wako wanaoficha maumivu kwa kuogopa kuonekana dhaifu au kuondolewa kazini. Ukweli ni kwamba kuficha huko ndiko kunakomwondoa mtu kazini. Kipimo cha sukari ni tone moja tu la damu kidoleni. Kimironko kuna kituo cha afya na Hospitali ya Kibagabaga. Kanombe iko hospitali ya kijeshi. Aidha, tangu mwaka 2016, katika Jumapili maalumu ambazo baadhi ya barabara za Kigali hufungwa kwa magari ili watu wafanye mazoezi, wananchi hupimwa sukari bila malipo.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Ndugu askari, miguu inayowaka usiku inapiga mbiu. Iitikieni mapema, kabla haijanyamaza.